Tone Lile Chini ya Trekta

Januari ikiingia, barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale hupata sauti yake ya kila mwaka. Matrekta hutoka mabomani yakiwa na plau za sahani tatu mgongoni, yakapita Misikhu, mengine yakanyoosha kuelekea Kamukuywa na Kiminini, mengine yakakata kulia kufuata njia ya Naitiri kutafuta kazi kwenye mashamba ya Tongaren na Ndalu. Mengi yana umri mkubwa kuliko vijana wanaoyaendesha. Dereva akisimama penye kibanda cha chai, akashuka, akarudi baada ya nusu saa, chini hukuta alama: doa jeusi la oili, au doa la dizeli linalong'aa rangi za upinde wa mvua juu ya vumbi. Ukimuuliza, jibu huwa lile lile. "Hii ni mzee, lazima ivuje."

Nimelisikia jibu hilo mara nyingi hadi nimeanza kulitilia shaka. Chukua filta: kichwa chake kilichotoka kiwandani mwaka 1968 kiko vile vile leo, isipokuwa pale mtu alipokigonga. Kinachozeeka ni vipande vya mpira na shaba vinavyokaa baina ya chuma na chuma, na vipande hivyo viliundwa ili vibadilishwe. Kwa hiyo tukiuliza kwa nini trekta kuukuu linavuja kwenye filta, tunauliza kwa nini vitu vya bei ya chini kabisa kwenye mashine nzima ndivyo visivyobadilishwa. Nusu ya jibu iko kwenye spana, nusu iko mfukoni.

Kwanza tuondoe kisingizio cha kukosa spea. Massey Ferguson 135 iliingia sokoni mwishoni mwa 1964, ikiundwa Coventry, Uingereza, kwa injini ya Perkins ya silinda tatu yenye ujazo wa inchi 152. Injini hiyo ilikuwa tayari imetumika kwenye MF 35 iliyotangulia, na iliendelea hadi MF 240. Coventry walifunga mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini TAFE kule Chennai na Millat kule Lahore waliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo huo. Filta ya trekta la babu kwa hiyo ni filta ya trekta la mjukuu. Eneo la Trans Nzoia, ambako reli ilifika Kitale mwaka 1926 na walowezi wakaifanya nchi ya mahindi, lilirithi mashine hizi pamoja na mashamba, na mafundi wake wana mazoea nazo ya vizazi viwili au vitatu. Ford 3000 na 5000 zina hadithi inayokaribiana na hiyo. Hakuna anayelala njaa Misikhu kwa kukosa filta ya 135.

Sasa tuifungue. Filta ya dizeli ya kizazi kile, nyingi zikiwa za CAV ya Uingereza, ina tabaka tatu. Juu kuna kichwa cha aloi chenye njia ya kuingilia na ya kutokea. Katikati kuna filta yenyewe, mkebe mfupi wenye karatasi iliyoviringishwa ndani. Chini kuna kitako, mara nyingi chenye bakuli la kioo. Bolti moja ndefu hupita katikati ikabana vyote vitatu pamoja. Mkebe huo haukai ndani ya kopo jingine. Wenyewe ndio ukuta wa nje, na unategemea ringi ya mpira juu na nyingine chini. Penye bolti kuna washa. Paipu mbili za pembeni zimeshikwa na bolti zenye tundu, kila moja ikiwa na washa mbili za shaba. Kuna pia skrubu ya kutolea hewa. Ukihesabu, filta moja ina angalau mahali panane ambapo dizeli inaweza kutokea nje, na hakuna hata mahali pamoja palipo kwenye karatasi.

Kosa linaloongoza hata si la ufundi mkubwa. Filta ya zamani ikitolewa, ringi ya juu hubaki imeng'ang'ania ndani ya mfereji wa kichwa. Imeshakuwa nyeusi kama uchafu unaoizunguka na ngumu kama kucha. Fundi aliyeletwa shambani kwa boda boda, jua likimchoma na dereva akimhimiza, haioni. Anaweka mpya juu yake. Ringi mbili sasa zimo katika mfereji wa moja, na zikibanwa vya kutosha hushika hadi jioni. Kesho yake tone linaanza. Fundi anaitwa tena, anaongeza nguvu kwenye spana, ringi mpya inachomoza pembeni kama ulimi. Mara ya tatu ni aloi inayopinda au meno ya bolti yanayokatika, na hapo ndipo trekta linapoambiwa ni mzee.

Dawa ni sindano ya kushonea magunia. Kila nyumba ya mahindi kati ya Bungoma na Kitale inayo, na ncha yake huinua ringi ya zamani bila shida, mradi usiukwaruze mfereji. Wengine hutumia spoki ya baiskeli iliyopondwa bapa. Mfereji ukishafutwa hadi chuma kionekane, ringi mpya hupakwa dizeli safi au oili, hukalishwa kwa kidole mzunguko mzima, kisha bolti hukazwa kwa spana fupi na mkono mmoja. Kama kinachohitajika ni mikono miwili, kuna kitu hakijakaa sawa huko ndani.

Kosa la pili huletwa na boksi lenyewe. Filta mpya huja na ringi kadhaa, kwa sababu mtengenezaji hajui itafungwa kwenye kichwa cha aina gani. Mwenye haraka huchukua inayofanana na ya jana, au, akiona imebaki moja mkononi, huitafutia pa kuiweka. Kuna pia ringi moja ndogo sana ya katikati, inayokumbatia shingo ya filta ndani ya kichwa, na hii nataka kukaa nayo kidogo kwa sababu watu wengi huiacha. Ikikosekana, huenda lisionekane hata tone moja nje. Kazi yake ni kutenganisha upande wa dizeli chafu na upande wa dizeli safi. Bila hiyo, dizeli hupita kando ya karatasi badala ya kupita ndani yake, ikaenda na mchanga wake hadi kwenye pampu kubwa inayopeleka dizeli kwenye nozo. Pampu hiyo, ambayo kwenye matrekta mengi ya aina hii ni DPA, hulainishwa na dizeli ile ile inayoisukuma; haina oili yake. Vyuma vyake vya ndani vimepishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Kwa maoni yangu mvujo huu wa ndani ndio ghali kuliko yote, na ndio ambao hakuna mtu aliyewahi kuuitia fundi.

Mvujo mwingine usioonekana ni wa hewa. Kutoka tangi hadi pampu ndogo ya kuvuta mafuta, dizeli hunyonywa, haisukumwi. Nati iliyolegea sehemu hiyo inaweza isitoe tone, lakini inaingiza hewa. Trekta likilala usiku kucha, hewa hiyo hukusanyika kwenye paipu, na asubuhi injini inazunguka bila kushika. Madereva wa huku wana desturi ya kuegesha kwenye mteremko ili liwashwe kwa kuteremka, desturi iliyozaliwa na betri mbovu. Mteremko hausaidii paipu zilizojaa hewa. Lazima skrubu ya kichwa cha filta ifunguliwe, kishikio cha pampu ndogo kisukumwe kwa mkono hadi povu liishe, kisha ifuate pampu kubwa, kisha nati za nozo. Kishikio kikiwa kama kimekufa, usidhani pampu imeharibika: huenda kemu ya ndani imesimama mahali pabaya, zungusha injini kidogo ujaribu tena. Kutojua jambo hili dogo kumenunulisha watu pampu mpya.

Kabla hujafungua chochote, hata hivyo, hakikisha mvujo ni wa filta. Oili ya kifuniko cha juu cha injini hutiririka ikaja kuning'inia chini ya bakuli la filta, na filta ikalaumiwa kwa kosa la jirani. Osha sehemu yote, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto, washa injini dakika kumi. Poda italowa pale pale penye shida.

Filta ya oili ina tabia zake. Kwenye injini nyingi za zamani ni bakuli refu la bati lililoning'inizwa kwa bolti moja, na ndani yake kuna filta ya karatasi juu ya springi. Ringi iko kwenye mfereji wa kichwa, na yale yale ya ringi mbili hutokea hapa kwa wingi zaidi, kwa sababu joto la injini huikausha ya zamani hadi ionekane kama sehemu ya chuma. Tofauti ni kwamba oili iko chini ya shinikizo kubwa, na asubuhi ya baridi ya Kitale, oili ikiwa nzito, shinikizo hupanda zaidi. Ringi iliyokaa vibaya inaweza kutema oili nyingi kwa dakika chache kuliko dizeli inayovuja kwa siku. Kwa hiyo baada ya kubadilisha, injini huzungushwa kwa stata dizeli ikiwa imefungwa hadi geji isogee, ndipo huwashwa, na mtu mmoja huinama kutazama. Springi na washa yake ya chini zisisahaulike ndani ya ndoo ya kuoshea. Zikikosekana, oili nayo hupita kando ya karatasi.

Kuna ishara moja inayowachanganya watu: kijiti cha kupimia oili kinaonyesha imeongezeka. Hakuna trekta linalotengeneza oili. Mara nyingi ngozi ya mpira ndani ya pampu ndogo ya dizeli imepasuka, na dizeli inashuka kwenye sampu. Inusie. Ikinuka dizeli, simamisha kazi, kwa sababu oili iliyogeuka nyepesi kama maji hailindi beringi. Ni ajabu kwamba mwenye trekta atagombana juu ya matone ya nje na kufurahia kijiti kilichojaa.

Tuweke hesabu kidogo. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Tone moja kila sekunde ni mililita 180 kwa saa, karibu lita 1.8 kwa siku ya kulima ya saa kumi. Kwa sampu ya injini ile ya Perkins, inayobeba takriban lita 7, hiyo ni robo ya oili yote imekwenda kati ya chai ya asubuhi na jua kuzama. Kwa oili, basi, tone la kila sekunde ni dharura. Kwa dizeli, lita mbili kasoro ni hasara, lakini si hasara ya kumfilisi mtu.

Na hapo ndipo hesabu inapogusa mfuko. Trekta la Misikhu kwa kawaida lina watu watatu: mwenyewe, ambaye huenda ni mwalimu au mstaafu anayekaa mbali na shamba, dereva, anayelipwa kwa ekari, na fundi, anayelipwa akiitwa. Hakuna kati yao anayelipwa kwa ajili ya saa mbili za kusafisha mfereji na kutoa hewa. Mteja wa Naitiri anasubiri, wa Ndalu amepiga simu, mvua ya Machi inakaribia na mbegu imeshanunuliwa. Dereva akisimama, siku yake ndiyo inayokatwa. Zaidi ya hayo, tone lina faida yake ndogo kwake. "Mwalimu, dizeli imeisha, filta inavuja sana." Mwenye trekta aliyejua hesabu ya matone angeuliza lita ngapi. Akiambiwa tano au sita kwa siku, angejua kwamba mvujo wa aina hiyo ungeacha mchirizi hadi Kamukuywa, na kwamba filta imefanywa shahidi wa jambo isilolijua.

Sitaki kumwonea dereva. Mita ya saa kwenye matrekta haya ilikufa zamani, na vitabu vya utunzaji huhesabu kwa saa. Huku tunahesabu ekari. Plau ya sahani tatu nyuma ya 135 humaliza ekari kwa saa moja hadi moja na nusu, kutegemea udongo, kwa hiyo saa 200, kwa mfano, ni kati ya ekari 130 na 200. Trekta lenye wateja linazifikisha kabla ya msimu kwisha, na hakuna aliyeandika popote. Zamani palikuwa na miezi ya kupumzika baada ya kulima. Lakini tangu kiwanda cha Nzoia kianze kusaga miwa mwaka 1978, trekta lililolima Februari limekuwa likivuta trela la miwa miezi inayofuata. Mashine isiyolala haitibiwi.

Mafuta yenyewe pia yamebadilika, na hili halizungumzwi vya kutosha. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu. Lakini Marekani ilipopunguza salfa Oktoba 1993, wenye injini za zamani waliona pampu na viungo vikianza kuvuja ghafla, kwa sababu usafishaji wa salfa hupunguza pia kemikali zilizokuwa zikiuvimbisha mpira wa nitrili. Ringi iliyoishi miaka mingi imevimba hunywea, na imeshapoteza mnyumbuko wa kurudi kushika. Siwezi kudai kila tone la Misikhu lilianza 2015. Nasema tu kwamba ringi iliyofungwa kabla ya hapo na bado imo haina haki ya kuaminiwa. Kisha kuna dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ulaghai huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Septemba 2018 serikali ya Kenya iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuuvunja. Mafuta ya taa ni mepesi, hupenya pale ambapo dizeli ingesita, na hayalainishi pampu vya kutosha.

Tiba za jua kali nazipima moja moja, kwa sababu si zote za kudharauliwa. Sabuni ya kipande iliyosuguliwa kwenye ufa wa tangi au kiungo huzuia dizeli kweli, kwa kuwa dizeli haiiyeyushi. Itakufikisha nyumbani, na kazi yake imeishia hapo. Washa ya shaba iliyokakamaa, ukiitia kwenye jiko la makaa hadi iwe nyekundu, ikapoa, hulainika tena na kushika kama mpya. Hii ni sayansi kamili. Ringi iliyokatwa kwenye tyubu ya gurudumu hufaa kwa siku mbili tatu, kisha mpira ule hunyonya dizeli, ukavimba na kubomoka. Mbaya kuliko zote ni silikoni ya tyubu, inayopendwa kwa sababu hukauka ikaonekana nadhifu. Dizeli huilegeza, na vipande vyake vikikatikia upande wa safi wa filta, hakuna tena karatasi ya kuvizuia visifike kwenye pampu.

Linabaki swali linalogawa mafundi: tuachane na mabakuli haya, tufunge filta za kuskrubu kwa mkono kama za magari ya sasa? Adapta zipo, na kila filta huja na ringi yake imeshakaa. Kwa upande wa oili ninakubali, hasa mfereji wa kichwa ukiwa umekwaruzwa hadi ringi haishiki. Tahadhari ni ile ile ya zamani: ringi ya filta iliyotolewa isibaki imeganda juu. Kwa upande wa dizeli nakataa. Bakuli la kioo lina kazi ambayo mkebe wa bati hauwezi. Tangi lililolala nusu tupu katika usiku wa baridi hukusanya maji, na madumu tunayobebea dizeli kutoka kituoni huongeza mengine. Kwenye kioo utayaona asubuhi yamelala chini ya dizeli kama yai bichi, ukafungua skrubu ya chini ukayamwaga. Anayefunga mkebe wa bati hataona kitu hadi pampu ianze kushika kutu. Karatasi nzuri huzuia mchanga, na watu wa Webuye, waliokizoea kiwanda kizima cha karatasi, wanajua bila kuambiwa kwamba karatasi na maji havikai pamoja.

Oili chafu iliyotolewa wakati wa kubadilisha filta nayo ina njia zake. Nyingi hupakwa nguzo za ua zisiliwe na mchwa, na sina ugomvi na hilo sana. Inayomwagwa mtaroni huenda mto Nzoia, na mto huo huenda Ziwa Victoria.

Hata mwenye nia njema, aliyetenga siku na pesa mwezi Desemba, hukwama kwenye kaunta ya duka la spea. Ringi zimening'inizwa kwenye misumari, mamia, zote nyeusi, tofauti ya moja na nyingine ni unene wa kadi. Mwenye duka atamuuliza, "Umekuja na ya zamani?" Naye ataitoa mfukoni, imefungwa kwenye gazeti. Ringi hiyo imevimba kwa dizeli, au imenywea na kukakamaa, au imelaliwa na chuma hadi ikawa bapa. Vyovyote ilivyo, haina tena kipimo ilichozaliwa nacho, na itakayolinganishwa nayo itakuwa saizi ya kosa. Wale mafundi wachache ninaowajua ambao kazi yao hairudi huja dukani na kichwa chenyewe cha filta, kimefunguliwa na kuoshwa, kimefungwa kwenye mfuko nyuma ya boda boda, na hujaribu ringi kwenye mfereji pale pale juu ya kaunta, foleni ikinung'unika nyuma yao.